Mlingoti mpya wa Mei kwa sherehe ya kifalme: namna kijiji kinavyoweza kuusimamisha, na kuushusha pia

Wadau mnaoishi vijijini Uingereza, na nyie mnaopenda tu kuyajua haya mambo, kila ikitangazwa jubilee au kutawazwa kwa mfalme swali ni lilelile: kijiji kinataka mlingoti mpya wa Mei, ule mrefu wenye mistari ya rangi unaozungukwa na watoto wameshika tepe, sasa tuanzie wapi na nani afanye nini. Naandika hapa jinsi ninavyoona kazi inavyotakiwa kwenda na msimamo wangu nauweka mapema kabisa: kikao cha kwanza, kabla hamjataja mti wala rangi, amueni huo mlingoti utashushwaje. Mbao ikisimama nje inaoza, rangi inabanduka, kamba zinachakaa, na mlingoti usio na njia ya kulala chini mwisho wake ni msumeno.

Angalieni Barwick-in-Elmet kule Yorkshire. Wana mlingoti wa futi 86 hivi, karibu mita 26, juu kabisa kuna mbweha wa kuonyesha upepo, na kila baada ya miaka mitatu wanaushusha Jumatatu ya Pasaka, wanaukagua, wanaupaka rangi, afu wanausimamisha tena sikukuu ya mwisho wa Mei na kijiji kizima kinatoka. Kwao kushusha kumekuwa sherehe yenyewe. Hapo ndo pa kujifunzia.

Na kwa nini mlingoti kwa ajili ya mfalme, maana wengine wanauliza kama si bora kupanda mti au kuweka benchi? Mlingoti na ufalme vina historia ndefu pamoja. Mwaka 1644 Bunge la Uingereza lilipiga marufuku milingoti ya Mei, likaamuru ing'olewe, na mfalme Charles II aliporudi kwenye kiti cha enzi mwaka 1660 watu wakaisimamisha tena kwa furaha nchi nzima. Mkubwa kuliko yote ulisimamishwa mtaa wa Strand, London, mwaka 1661, futi 134, yaani zaidi ya mita 40, ulikuja vipande ukaunganishwa kwa vyuma, na kwa vile mafundi wa kawaida hawakuuweza walioitwa ni mabaharia kumi na wawili chini ya ndugu yake mfalme, James, na kamba zao na makapi na nanga, wakamaliza kwa saa nne. Mtu wa Lamu au Bagamoyo aliyewahi kuona mlingoti wa jahazi ukisimamishwa ataelewa mara moja kwa nini waliitwa mabaharia. Baadaye mlingoti uliokuwa pale Strand ulimfikia Isaac Newton, ukapelekwa Wanstead kubebea darubini.

Haya, kazi.

Hatua ya kwanza: tarehe, na kuhesabu kurudi nyuma

Chukueni tarehe ya sherehe mhesabu kurudi nyuma. Kutawazwa kwa Charles III kulikuwa tarehe 6 Mei 2023, na Buckingham Palace ilitangaza siku hiyo mwezi Oktoba 2022, kwa hiyo vijiji vilikuwa na kama miezi saba. Inatosha, ila haibaki hata wiki ya kuchezea. Jubilee ni rahisi zaidi kwa sababu inajulikana miaka mapema: Elizabeth II aliingia kwenye kiti tarehe 6 Februari 1952 akiwa Kenya, pale Treetops upande wa Nyeri, baba yake alipofariki usiku, na jubilee zake zote zimehesabiwa kuanzia siku ile, ila sherehe zenyewe zikawa zinasogezwa hadi Juni watu wapate jua. Kama kwenu kuna Wakenya waambieni hili, halafu waiteni kwenye kamati, wana sehemu yao kabisa kwenye hii hadithi.

Mti ukatwe wakati wa baridi. Zege imwagwe angalau mwezi mmoja kabla ya kusimamisha. Rangi inataka siku kavu, na Uingereza mwezi wa nne siku kavu ni za kuvizia, kwa hiyo tafuteni banda la mkulima mapema.

Hatua ya pili: ruhusa (hapa msiruke kitu)

Uwanja wa kijiji si wa kila mtu kuchimba anavyotaka. Nyingi ya hizi nyanja zimesajiliwa na zinalindwa na sheria za zamani sana, ya 1857 na ya 1876, na kuweka kitu juu yake bila utaratibu kunaweza kuwa kosa. Kwa hiyo mnaanza na baraza la kijiji, mnajua nani mwenye ardhi, mnauliza halmashauri ya wilaya kama kibali cha ujenzi kinahitajika, na majibu yote myapate kwa maandishi. Kama mko kwenye eneo la kihistoria lenye kanisa la karne ya 13 pembeni, semeni mapema kabisa na maafisa wa urithi, wakishirikishwa mwanzoni wanakuwa upande wenu.

Ulizeni pia kuna nini chini ya ardhi. Maji, gesi, umeme, simu, vyote vinapita chini ya hizo nyasi nzuri. Kuna huduma ya kuuliza kampuni nyingi kwa pamoja kabla ya kuchimba, itumieni. Afu angalieni juu: waya za umeme. Chukueni urefu wa mlingoti, ongezeni nafasi ya kutosha ya usalama, zungusheni duara hilo kutoka kwenye shimo, waya ikiwemo ndani ya duara basi hamisheni shimo. Hili halina mjadala, na hata kama mnaona kabisa mlingoti utaangukia upande wa pili, hamisheni.

Barabara ikipita karibu ombeni ifungwe siku ya kusimamisha. Kuna sheria ya mwaka 1847 ambayo mpaka leo halmashauri wanaitumia kufunga barabara kwa maandamano na shangwe za umma, na huwa nafurahi kuona kwamba neno shangwe limo ndani ya sheria yenyewe. Bima ya kuumiza watu au mali nayo isikosekane, ulizeni kama ya baraza la kijiji inafunika hata watu wa kujitolea wanaovuta kamba, maana si zote zinafunika.

Hatua ya tatu: hela

Sitakaa sana hapa. Baraza la kijiji lina uwezo kisheria wa kutumia kiasi kwa ajili ya sherehe, mfuko wa Bahati Nasibu ya Taifa huwa unasaidia miradi ya jamii, na kinachobaki ni mchango wa nyumba kwa nyumba. Kinachopunguza gharama kweli ni msaragambo: mkulima akitoa mti na trekta, fundi wa kuchomelea akitoa siku yake, walimu wakichukua watoto wa kucheza, bili inabaki zege na chuma na rangi.

Hatua ya nne: mti

Mnatafuta mti ulionyooka wa jamii ya misonobari. Lachi ni mzuri sana, ni ndugu wa msonobari anayepukutisha majani wakati wa baridi, moyo wake unastahimili mvua kuliko wenzake wengi. Douglas fir pia ni mzuri. Sprusi unanyooka vizuri na ni mwepesi ila huoza haraka zaidi nje, kwa hiyo unataka matunzo zaidi.

Kwa kijiji cha kawaida mimi nashauri mita 12. Najua kuna watakaosema tuwapite jirani, Nun Monkton kule Yorkshire wana wa futi 88 hivi, Welford-on-Avon wana wa futi 65, lakini hao wana uzoefu wa vizazi na kila mita mnayoongeza inaongeza uzito, upepo, na gharama ya msingi kule chini. Mlingoti wa mita 12 wenye kipenyo cha wastani cha sentimita 22 una ujazo wa karibia nusu mita ya ujazo, na ukiwa bado mbichi unakaribia kilo 400. Hebu fikirieni hizo kilo 400 ziko juu ya vichwa vya watu, ndo mtaelewa kwa nini sitaki mashindano.

Kabla ya kukata hakikisheni mti hauna amri ya kuulinda. Mkishaukata umenyeni ganda mapema, maana wadudu na unyevu hukaa chini ya ganda, ulazeni juu ya magogo usiguse udongo, upigwe upepo. Utapasuka nyufa ndogo za urefu, msiogope, ndo tabia ya mbao nzima ikikauka. Nyufa za kuogopa ni zile za kukata upana.

Hatua ya tano: msingi wa kulalia

Hii ndo hatua niliyoitangulizia maneno mengi pale juu.

Njia ya zamani ni kuchimba shimo refu na kuuzika mti humo, kwa kawaida sehemu moja ya sita mpaka ya tano ya urefu inaenda chini, kwa hiyo mita 12 inazikwa kama mita 2 hadi 2.4. Inashika vizuri. Tatizo ni pale mbao inapotoka kwenye udongo, hapo usawa wa nyasi, ambapo unyevu na hewa vinakutana na fangasi wanapata kila wanachotaka. Mlingoti unaonekana mzima juu na mzima chini, kumbe kiuno kimeisha.

Njia ninayoipigia debe ni miguu miwili ya chuma iliyopakwa zinki, imesimama wima ndani ya zege na kuacha nafasi katikati, na mlingoti unaingia hapo kati. Kunakuwa na bolti mbili nene zinazopita chuma, mbao, chuma. Ya chini inafanya kazi kama bawaba, ya juu inafanya kazi ya kufuli. Ukitaka kushusha unachomoa ya juu, mlingoti unainama juu ya ile ya chini mpaka ulale. Kitako cha mbao kiache sentimita 10 hadi 15 juu ya zege, kisikae kwenye maji, na uso wa zege wenyewe upewe mteremko kidogo kwenda nje kama paa. Ni kitu kidogo ila kinaongeza miaka.

Ukubwa wa shimo na nondo msikadirie kwa macho. Mpeni mhandisi wa majengo urefu, kipenyo, na aina ya udongo, kwa sababu mlingoti unaposukumwa na upepo nguvu yote inaishia hapo chini, na udongo wa mfinyanzi unaovimba mvua ikinyesha ni tofauti kabisa na changarawe. Mkimwaga zege simamisheni miguu ya chuma kwa timazi pande mbili, pimeni kabla ya kumwaga, wakati wa kumwaga, na baada ya kumwaga kabla haijashika. Chuma kikiinama digrii mbili tu hapo chini, kilele cha mita 12 kinahama karibu sentimita 40 na kitaonekana kimelewa mpaka kwenye picha. Zege inafikia nguvu yake iliyokusudiwa siku ya 28, msiwe na haraka.

Kabla ya kumwaga zege kijiji kingi hupenda kuacha kitu: barua za watoto, sarafu za mwaka huo, orodha ya majina. Wekeni kwenye chombo kisichoingiza maji, pembeni ya zege na si ndani yake, ili siku moja mtu aweze kuvitoa.

Hatua ya sita: rangi na kilele

Huku ndo kwenye raha. Mbao ikaushwe vizuri, ipigwe randa na msasa, afu praima, rangi ya chini, na mikono miwili ya rangi ya mafuta ya nje. Vidonda vya matawi vifunikwe kwanza kwa dawa yake, la sivyo utomvu utapenya na kutoa madoa ya kahawia kwenye nyeupe.

Mstari wa kuzunguka unawatesa watu bure. Fanyeni hivi: ulazeni mlingoti juu ya farasi wa mbao, yaani vile viunzi vya kulazia mbao, ili uweze kuviringishwa, pigeni mstari mmoja wa kalamu ulionyooka kutoka kitako hadi kilele, wekeni alama kila sentimita 90 kwenye huo mstari. Chukua uzi, funga kwenye alama ya kwanza, zungusha mara moja ufike kwenye alama ya pili, zungusha tena ufike ya tatu, hivyo hivyo mpaka juu. Uzi wa pili uanzie katikati ya alama, yaani sentimita 45, ufuate mwenzake. Sasa mnabandika tepu ya karatasi kando ya uzi na mna mistari miwili iliyo sawa. Mti unavyopungua unene kwenda juu mistari inabadilika mteremko yenyewe kidogo kidogo na inapendeza sana, msijaribu kurekebisha.

Kwenye kilele wengi wanaweka taji kwa vile ni sherehe ya kifalme. Kama mnataka liendane na mfalme aliyepo angalieni matao yake: Charles III kwenye alama yake anatumia taji la Tudor lenye matao ya mviringo, Elizabeth II alitumia la St Edward ambalo matao yake yanabonyea katikati. Wazee wa kijiji wanajua tofauti na wataiona. Taji la kawaida la mapambo si shida, ila kuchora alama rasmi ya mfalme au nembo ya ufalme kwenye kitu cha kudumu kuna masharti yake, ulizeni kwanza ofisi ya Lord Chamberlain kule ikulu ya mfalme. Chochote kinachopanda juu kifungwe kwa chuma cha pua na nati za kujifunga, na kifungwe mlingoti ukiwa bado umelala. Asipande mtu baadaye kukaza.

Hatua ya saba: siku yenyewe

Mimi napenda mashine ibebe uzito na watu washike kamba. Karibu kila kijiji kina mkulima mwenye trekta la mkono mrefu wa kunyanyulia, na kama dereva ana cheti na mzigo umepangwa kwa maandishi ni njia salama. Lakini watu wasibaki watazamaji, huu ni mlingoti wao.

Kamba nne zifungwe theluthi mbili ya urefu, kama mita 8 kutoka kitako. Moja ya mbele inavuta, mbili za pembeni zinazuia kuyumba, na ya nyuma ndo inayosahauliwa na ndo ya muhimu mwishoni, kwa sababu mlingoti ukikaribia kusimama wima hauhitaji tena kuvutwa, unahitaji kuzuiwa usipitilize. Wekeni watu watulivu kwenye hiyo ya nyuma.

Mkifanya kwa mikono bila mashine, jueni kazi ngumu kuliko zote iko mwanzoni kabisa. Mlingoti ukiwa umelala, kamba inavuta karibu sambamba na ardhi, nguvu inapotea bure. Kwa hiyo mnasimamisha mbao mbili zilizofungwa kama herufi A karibu na kitako, kamba ya mbele inapita juu yake, inapata pembe ya kunyanyua. Huku watu wanainua kilele kwa mabega, na wengine wanafuata na jozi za miti iliyofungwa mkasi kwa kamba, wanaitia chini yake kila unapopanda. Wabavaria huko Ujerumani wanasimamisha hivyo milingoti mirefu sana mpaka leo, jozi fupi mwanzoni, ndefu mwishoni. (Huko pia vijiji huibiana milingoti usiku na kukomboa ni kwa bia na chakula, kwa hiyo wanaweka walinzi.)

Awepo mtu mmoja wa kutoa amri. Mmoja. Maneno matatu yanatosha, vuta, shika, legeza, yafanyiwe mazoezi siku iliyotangulia kwa kamba tupu. Watazamaji wakae mbali zaidi ya urefu wa mlingoti, nashauri mara moja na nusu, nyuma ya kamba iliyowekwa na watu wa kusimamia. Upepo ukianza kutikisa miti midogo mizima ahirisheni, hata kama bendi imeshafika na chai iko mezani.

Ukishasimama ile bolti ya juu inapita, inawekwa washa na nati, inakazwa, na hapo kamba bado zimeshikwa. Zisiachiwe mpaka fundi aseme kwa sauti. Ule muda bolti inapoingia uwanja mzima unanyamaza kidogo afu kelele inalipuka, na watu wazima wanalia, nimewaona.

Hatua ya nane: tepe na watoto

Kucheza kwa tepe kulienea Uingereza karne ya 19 kupitia shule, kwa hiyo ni kazi ya walimu na wanaiweza. Kwenye mlingoti mrefu tepe hazifungwi kileleni, mnaweka pete ya chuma ya vipande viwili kama mita 3.5 kutoka chini, yenye kulabu, inayotolewa baada ya sherehe. Mtoto akisimama mita 3 kutoka kwenye mlingoti na mkono wake uko mita moja juu, umbali mpaka kwenye pete ni karibu mita 4, kwa hiyo kateni tepe ya mita 4.5 ili ipatikane ya kushikia.

Idadi iwe shufwa, 12 au 16 ni nzuri kuanzia. Rangi mbili, moja inazunguka kulia nyingine kushoto. Wa kwanza anapita chini ya tepe ya anayemjia, anayefuata anapita juu, chini, juu, na msuko unaanza kuonekana kwenye mlingoti kuteremka chini. Duara linasinyaa tepe zinavyoisha, ndo dalili ya kugeuka. Kurudi ni njia ileile kinyume, na hapa ndo vurugu hutokea, kwa hiyo mazoezi mengi yawe ya kurudi. Muziki uwe wa kupigwa hapohapo, fidla na kodiani, kwa sababu mpigaji anaweza kupunguza mwendo mtoto akipotea, spika haiwezi.

Baada ya sherehe

Kila mwaka kabla ya Mei, mtu apite na nyundo agonge kuanzia chini hadi anapofika, mbao nzima inalia kavu na iliyooza inalia bubu, atie bisibisi kwenye eneo la bolti, atazame kutu, akaze nati. Kila mwaka wa tatu ushusheni wote kwa kamba zilezile nne, mkianza na kuhakikisha ya nyuma imeshikwa kabla bolti ya juu haijaguswa. Na kwenye faili la baraza la kijiji wekeni karatasi moja yenye michoro ya mhandisi, aina na namba za rangi, kipenyo cha bolti, saizi ya spana, na mahali kamba zinapohifadhiwa, pamoja na bolti mbili za akiba kwenye mfuko, kwa sababu jubilee ijayo watakaousimamia wanaweza kuwa ni wale watoto walioshika tepe.